Kocha anasema sina misingi, na mimi ndiye ninayefunga

Shikamoo Bi Kocha,

Mimi ni kijana wa miaka 18, niko kidato cha sita hapa Dar es Salaam. Nachezea timu ya kikapu ya shule, na jioni nacheza mtaani. Nina sentimita 192 na nadanki, yaani nasokomeza mpira ringini kutoka juu, kwa mkono mmoja bila shida. Uwanjani wananiita Lifti. Sijigambi, ila watu wengine wanakuja kwenye mechi zetu kwa ajili yangu, na klipu zangu ziko kwenye simu za nusu ya shule.

Tatizo langu ni kocha. Wiki tatu zilizopita tulikuwa na mechi ngumu. Robo ya tatu ikielekea kuisha nilikuwa na pointi 18, na kwenye timu yetu hakuna mwingine aliyefika hata 10. Yule niliyekuwa namkaba naye alibahatisha bahatisha akafikisha 22, lakini ile ilikuwa siku yake tu. Refa alinionea sana. Alinipigia traveli (kosa la kutembea na mpira mkononi) mara nne, zote nikiwa ndiyo kwanza naanza kudunda, wakati NBA, ligi ya Marekani, tunaona kila siku wanafanya vilevile na hakuna filimbi.

Tukiwa nyuma kwa pointi 6 kocha akanitoa, akamwingiza jamaa tunayemwita Mzee. Bi Kocha, ungemwona Mzee ungecheka. Ana miaka 17 ila anacheza kama mstaafu. Akiruka, chini ya viatu vyake unapitisha daftari, tena lile jembamba. Hana krosi kama yangu, ile ya kuhamisha mpira ghafla mkono hadi mkono, hadanki, hana klipu hata moja. Alimaliza na pointi 4. Tulishinda kwa pointi 3, kocha akaenda kumkumbatia yeye.

Nilimfuata kocha baada ya mechi nikamuuliza kosa langu. Akajibu maneno mawili: "Huna misingi." Nikauliza misingi gani, akasema nikiijua sitauliza. Tangu siku ile naanzia benchi.

Naomba unisaidie. Misingi ni nini hasa? Mimi naona ni neno la kuwafariji wasio na kipaji. Kuna timu nyingine inanitaka, je, nihame? Na kama ni kweli sina hiyo misingi, nitaipata wapi sasa hivi, wakati nimeanza kikapu nikiwa na miaka 15?

Lifti, Dar es Salaam

*

Marahaba, mwanangu Lifti.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nilicheka, kwa hilo la daftari. Ya pili nilishika kalamu nikapigia mstari kila unachosema unakifanya uwanjani: unadanki, unafunga, unadunda, una krosi. Ya tatu nikatafuta walau sentensi moja ambayo unafanya kitu huku mpira uko kwa mtu mwingine. Niliiona moja tu, nayo ni ya yule uliyemkaba akafunga 22.

Hebu tufanye hesabu, si ya kidato cha sita, ya darasa la tatu. Mechi ya sheria za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, ni dakika 40. Uwanjani kuna watu kumi na mpira mmoja. Tungeugawana kwa haki, kila mtu angekaa nao dakika 4. Haya, wewe ni Lifti, tukupe mara mbili yake, dakika 8. Zimebaki 32. Mashabiki wanazitazama zile 8. Kocha wako anazitazama 32, na katika hizo, kwa barua yako mwenyewe, sijui unafanya nini.

Halafu chukua 18 zako utoe 22 za yule aliyebahatisha. (Mtu habahatishi hadi pointi 22, baba. Anaachiwa.) Timu inakudai pointi 4, na bado sijagusa zile traveli nne, ambazo kila moja ni mpira uliowakabidhi wapinzani mikononi kama mtu anayerudisha chenji. Mzee kaingia kaleta 4 zake, na mko mbele kwa 3. Sikuwepo, sijui alifanya nini hasa. Ila akina Mzee nimewafundisha wengi, na wote wana tabia moja: ukiwatazama huoni kitu, ukitazama ubao wa matokeo unaona.

Sasa tuje kwenye miguu, maana hapo ndipo misingi inapoanzia na ndipo refa alipokukamata. Inuka ulipokaa. Simama sebuleni, shika hata mto wa kochi. Mguu wa kushoto ndio nanga yako, na unataka kumpita mtu upande wa kulia. Nenda, lakini polepole kama picha iliyopunguzwa kasi. Naamini utaona hivi: mguu wa kulia unatangulia, kisigino cha kushoto kinanyanyuka, kidole gumba cha kushoto kinaachana na sakafu, halafu ndipo mikono inakumbuka kuwa ina mpira. Basi traveli ndiyo hiyo. Sheria inataka mpira uwe umetoka mkononi kabla nanga haijang'oka. Hata kitabu cha sheria za NBA kinasema vivyo hivyo, tofauti iko kwenye filimbi yao, na wewe huchezei huko. Ukipokea mpira ukiwa mbioni ni habari nyingine. Tangu mabadiliko ya 2017, FIBA inakupa hatua mbili, lakini ukitaka kudunda mpira uachie kabla ya hatua ya pili.

Dawa yake ni ya kuchosha na haina klipu. Mpira utangulie, tena udunde mbele, pembeni ya kidole kidogo cha mguu wa adui yako. Wengi wenu mnadunda kando ya nyonga zenu wenyewe, ndiyo maana mguu unalazimika kukimbia kabla ya mpira. Fanya mara 50 kulia na mara 50 kushoto kila siku, taratibu, hadi mwili ukatae kufanya vingine.

Na nikisema kushoto namaanisha kushoto. Nakisia mkono wako wa kushoto umeuachia shughuli za chooni tu. Mkabaji mwenye akili akishalijua hilo atakusimamia upande wa kulia mechi nzima, na ile krosi yako itageuka mlango usio na nyumba.

Unaweza kudhani nakutaka uwe mti mkavu usio na madoido. Hapana. Hakeem Olajuwon wa Lagos, kabla hajashika kikapu, alikuwa kipa wa soka na mchezaji wa mpira wa mikono. Miguu ile ya ukipa ndiyo aliyoingia nayo NBA, na mageuzi yake chini ya ringi yakawa na jina lake hadi leo. Yalikuwa mazuri kuliko ngoma. Ukiyatazama kwa makini, kila geuzi ni mguu mmoja umekita na mwingine unahama. Kachukua ubingwa wa 1994 na 1995 kwa nanga hiyohiyo inayokutia wewe kwenye matatizo na refa.

Turudi kwenye dakika 32.

Mpira umetupwa kuelekea ringini. Wewe hapo unatazama juu, nina hakika, kwa sababu warukaji wote hutazama juu. Mnategemea spring'i za miguu. Mzee wako hatazami juu. Anamtafuta mtu. Anamwekea mkono kifuani kujua yuko wapi, anageuka, anamkalia mapajani kwa makalio, anashuka chini, anatanua viwiko. Umewahi kumwona abiria wa daladala aliyepania kushuka kituo kinachofuata, anavyojikita mlangoni hata umsukume vipi? Ndivyo hivyo. Anahesabu moja, mbili, ndipo anainua macho kuutafuta mpira. Mtu aliyekaliwa hivyo hata awe na lifti miguuni hapati pa kurukia. Dennis Rodman alikuwa na mita 2.01, kati ya majitu ya mita 2.10 na zaidi, na aliongoza NBA kwa ribaundi, yaani kudaka mipira iliyokosa ringi, misimu saba mfululizo, kuanzia 1991-92. Wengi wa wale walimzidi urefu. Yeye aliwazidi kufika mahali kabla ya mpira.

Kukaba pia ni miguu. Kaa kama mtu aliyekuwa anaketi kwenye kigoda, akagundua kigoda kimeondolewa, akabaki palepale hewani. Kutoka hapo telezesha miguu bila kuipishanisha. Jaribu dakika moja tu kwa saa, mapaja yakiwaka moto utaelewa ni kwa nini yule bwana alikufungia 22. Wewe ulikuwa umesimama wima kama mlingoti wa bendera ukisubiri kumblokia kwa mbwembwe, na yeye anapita.

Halafu kuna mdomo. Watu hawauhesabu, mimi nauhesabu. Mchezaji mwenye misingi anaongea anapokaba: "Skrini kushoto!" (yaani kuna mpinzani amesimama kukuzibia njia), "Namchukua huyu!", "Nyuma yako!" Siku ukienda uwanjani fumba macho dakika mbili usikilize timu yenu. Sauti utakayoisikia zaidi, naweka dau la soda, ni ya Mzee.

Kutupa sitakuandikia mengi, maana mtu mwenye pointi 18 anajua kutupa kiasi. Kiwiko kikae chini ya mpira, kisitoke nje kama bawa la kuku, na mpira ukishatoka kiganja kining'inie kama jani la mgomba lililochoka, kibaki hivyo hadi mpira ufike. Ila nikuulize: zile 18, ngapi zilitoka kwenye mitupo huru, ile unayopewa ukichezewa faulo? Hukutaja. Mstari ule uko mita 4.6 kutoka kwenye ubao, hakuna anayekukaba, saa imesimama. Mtu mwenye mwili wako anayeingia kati kwa nguvu angepaswa kuishi pale.

Sasa hilo la kwamba misingi ni faraja ya wasio na kipaji. Kuna mtu anaitwa Tim Duncan. Mpinzani wake mkubwa, Shaquille O'Neal, ndiye aliyempa jina la Big Fundamental, yaani kama vile sisi tungemwita Bwana Misingi. Alichezea San Antonio Spurs misimu 19, akabeba ubingwa mara 5, wa kwanza 1999 na wa mwisho 2014. Mtupo wake maarufu ulikuwa wa kugonga ubao kutoka pembeni, mtupo ambao watoto wa mtaani kwako wakiufanya wanazomewa. Watu walimwita mchezaji wa kuchosha. Juni 2003, kwenye mechi iliyowapa ubingwa dhidi ya New Jersey Nets, alitoka na pointi 21, ribaundi 20, asisti 10 (pasi za kufungisha) na bloku 8 (mitupo aliyoizuia). Kuchosha gani huko? Wala usidhani alikuwa malaika. Mitupo huru ilimsumbua huko NBA, kwa wastani wa misimu yake yote hakufika hata asilimia 70. Misingi inadai kazi kila siku, hata kwa anayeitwa kwa jina lake.

Na huyu Duncan ndiye jibu la swali lako la umri. Kwao ni kisiwa cha Saint Croix, huko Karibiani, na alikuwa muogeleaji. Mwaka 1989 kimbunga Hugo kiliharibu bwawa alilofanyia mazoezi, na kikapu alikikamata baada ya hapo, akiwa kijana wa miaka 13, 14. Wewe ulianza na 15, tofauti ni ya mwaka mmoja au miwili. Hasheem Thabeet wetu, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, naye alianza akiwa kijana hapahapa Dar. Mwaka 2009, timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya, alichaguliwa wa pili, na wa saba mwaka huohuo akawa Stephen Curry, aliyekuja kuwa nyota mkubwa zaidi. Mmoja ana mita 2.21, mwingine 1.88. Simsemi ndugu yetu vibaya, alifika ambako sisi tuliishia kupaona kwenye televisheni. Nakukumbusha tu kwamba sentimita zako 192, unazozitaja kwenye mstari wa tatu wa barua, ni mwanzo wa mazungumzo.

Acha nikusimulie la kwangu, kisha tumalize. Nilicheza poingadi, yule anayeongoza mashambulizi, miaka ya tisini, uwanja wa sementi wenye nyufa, ringi haina nyavu. Kocha wetu, marehemu sasa, alitufanyisha mazoezi wiki tatu bila mpira. Kusimama kwa miguu miwili. Kuruka na kutua magoti yamekunjwa, yakiangalia mbele, yasiangukie ndani. Kuteleza, kugeuka. Nilikuwa kama wewe, nilikuwa na krosi yangu na wapambe wangu, nikamwona kocha anatupotezea muda. Nikawa nafanya nusu nusu akigeuka. Msimu uliofuata nikaruka kuchukua ribaundi, hakuna aliyenigusa, nikatua kwa mguu mmoja umenyooka. Nilisikia "tap", kama mtu anayevunja kijiti cha mhogo. Leo nikipanda ngazi za kanisani nashika ukuta. Kwa hiyo nikikwambia utue kwa miguu miwili, sikwambii kwa ajili ya kocha wako.

Ukicheka mazoezi ya kitoto, jua kocha John Wooden, aliyekipa chuo kikuu cha UCLA ubingwa wa vyuo wa Marekani mara 10 kati ya 1964 na 1975, alianza kila msimu kwa kuwafundisha vijana wake kuvaa soksi. Wanaume wazima, wengine wanaelekea NBA, wanaonyeshwa jinsi ya kuvuta soksi isiwe na mkunjo kwenye kisigino, kwa sababu mkunjo unaleta lengelenge, na mwenye lengelenge hafanyi mazoezi.

Kuhusu kuhama: usihame kwanza. Nimewaona wengi waliohama na klipu zao, wakakuta kocha wa pili naye ana macho. Tena huyu wa kwako, pamoja na ukali wake wa maneno, amekufanyia jambo moja la maana, amekuweka benchi badala ya kukuacha uendelee kushangiliwa. Kosa lake ni kukupa neno bila maelezo, na hapo nakubaliana nawe. Kijana akiuliza "misingi gani" aonyeshwe, asipigwe mafumbo. Kwa hiyo mrudie, ila usiende na swali kubwa. Mpe shikamoo yake, umwombe dakika 10 baada ya mazoezi, umwambie: "Kocha, naomba unitazame mguu wangu ninapoanza kudunda." Basi. Kocha akiombwa jambo dogo hivyo hawezi kujizuia, atabaki nawe hadi taa zizimwe.

Halafu mechi ijayo, ukiwa benchi, usikae na simu wala usinune. Chagua robo moja, usiutazame mpira kabisa, mtazame Mzee peke yake. Itakuwa ngumu, macho yatakimbilia mpira kama nzi kwenye embe, yarudishe. Hesabu amemkalia mtu mara ngapi, amesema mara ngapi, akitoa pasi amesimama au amekata kuelekea ringini. Nyumbani una mdogo wako au binamu anayejua kuhesabu? Mpe daftari (lile jembamba, tunalijua), na siku utakayoingia akuandikie hayohayo wewe. Asiandike pointi. Pointi watakuhesabia wengine.

Fanya hivyo wiki sita uniandikie tena, uniambie namba za daftari, na yule unayemkaba amefunga ngapi. Na Mzee mwombe mfanye mazoezi ya kukaliana wawili wawili, yeye na wewe, nusu saa kabla wenzenu hawajafika. Atakubali. Watu wa aina yake hawaombwagi chochote na mtu.

Bi Kocha